Komeo la Upande wa Pili

Katibu wa mgombea alimkuta Fundi juu ya ngazi, akiziba nyufa kwenye ukuta wa duka la mikate. Akamwamkia, akasubiri aitikiwe, kisha akasema Mheshimiwa anataka ukuta.

"Ukuta wa nini?" Fundi aliuliza kutoka huko huko juu.

"Wa mkutano, mzee. Jumamosi, pale uwanjani."

Fundi alishuka taratibu, maana kuna maneno ambayo mtu hapaswi kuyasikiliza akiwa amening'inia. Kwa miaka thelathini alikuwa amejenga kuta za nyumba, za vyoo, za madarasa, na za watu waliokosana na majirani zao. Ukuta wa mkutano hakuwahi kuusikia.

Katibu alikuwa binti mwenye simu mbili na subira ya kijiko kimoja. Alieleza kwa mkato. Mheshimiwa, ambaye ndiye diwani wao, sasa anagombea ubunge, na Jumamosi atatoa msimamo wake kuhusu wahamiaji na usalama wa mpaka. Mpaka wenyewe hauko mbali. Ukiishika barabara ya lami inayopita nyuma ya uwanja, kilomita nane tu umefika. Mheshimiwa hataki kusema maneno matupu. Anataka nyuma yake, pale kwenye jukwaa la zege, kisimame kipande cha ukuta wa kweli, mita nne kwa urefu na mita mbili kwenda juu.

"Na mtu akitaka kuupita si atazunguka tu ubavuni?"

"Ni mfano, mzee."

"Mfano wa nini, kama unazungukika?"

"Wa msimamo," alisema Katibu, na simu moja ikaita ikamwokoa.

Fundi alikubali haraka kuliko mtu aliyeelewa. Ukweli ni kwamba hata angeambiwa ajenge ngazi ya kwenda mwezini angeuliza tu mchanga utoke wapi, kwa sababu alikuwa na shida moja kubwa duniani, na dawa yake ilikuwa sahihi ya Mheshimiwa.

Shida yenyewe ilikuwa hivi. Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Sare kwa kuwa aliwashonea sare za shule watoto wote na sasa watoto wa watoto hao, alizaliwa ng'ambo ya mpaka. Alivuka akiwa na miaka sita, ameshikwa mkono na mama yake, na mama yake akafariki kabla hajamwandikisha popote. Akalelewa hapa, akasoma hapa, akaolewa hapa, akazaa wawili ambao sasa wana kazi zao miji ya mbali. Hakuwahi kuficha alikozaliwa. Ni kwamba jambo lenyewe lilikuwa limesahaulika, kama mshono wa ndani wa nguo: upo, lakini nani anaugeuza kuutazama?

Mwaka huu redio ikaugeuza. Ikatangazwa kwamba kila aliyezaliwa ng'ambo ajiandikishe. Cheti cha ndoa pekee hakitoshi. Fomu iwe na sahihi ya diwani wa mahali mtu anapoishi. Mwisho ni Jumatatu, na asiyejiandikisha atarudishwa kwao.

"Kwetu wapi?" Mama Sare aliiuliza redio, pini zikiwa mdomoni. "Kwetu si hapa?"

Redio ikaendelea na habari za hali ya hewa.

Walikwenda ofisi ya diwani mara nne. Mara zote mlango ulikuwa umefungwa na juu yake imebandikwa picha ya Mheshimiwa akitabasamu, chini yake maandishi: MPAKA IMARA, UJIRANI MWEMA. Fundi alikuwa akisimama mbele ya picha ile na kuisoma kuanzia mwanzo, halafu kuanzia mwisho, akitaka kujua kama tabasamu lile litasaini au halitasaini. Akisoma maneno mawili ya kwanza moyo unamwenda mbio. Akisoma mawili ya mwisho unatulia. Alirudi nyumbani kichwa kinamzunguka.

Jioni ile alipomweleza mkewe habari za ukuta, Mama Sare alisimamisha cherehani.

"Ngoja nielewe," akasema. "Unamjengea ukuta wa kunizuia mimi nisiingie, ili akusainie karatasi ya mimi nisitoke."

"Ukisema hivyo naona kizunguzungu."

"Sikulaumu. Nauliza tu."

"Hata mimi najiuliza, mama. Lakini atakuwa pale. Atakuwa amesimama mbele yangu kama wewe ulivyo hapo. Ni lini tena tutampata?"

Mama Sare aliukata uzi kwa meno, akaukunja mguu wa suruali ya mtoto wa darasa la pili, akaupima kwa macho. "Jenga," akasema. "Lakini sitaki watu wajue. Nimekaa nao miaka arobaini na sita, sitaki leo waanze kunitazama. Umpe pembeni, asaini pembeni, basi."

"Pembeni."

"Wewe na yeye, Fundi. Hata yule binti wa simu mbili asione."

"Nimekuelewa, mama. Pembeni."

Alhamisi alianza kazi. Kwa kuwa jukwaa ni zege tupu na hakuna mahali pa kuchimba msingi, aliamua kuupa ukuta nguzo fupi za kuegemea kwa nyuma, usije ukamwangukia mgombea katikati ya ahadi. Alipanga tofali, akavuta kamba, akaweka pima maji, na kwa muda kidogo alijisikia vizuri, maana pima maji haina msimamo wa kisiasa. Kiputo kikikaa katikati, kimekaa.

Ila Katibu hakumwacha. Saa tatu alikuja kusema Mheshimiwa anataka ukuta uongezwe kimo, uonekane unatisha kidogo. Saa sita alirudi: wafanyabiashara wa sokoni wamelalamika, vitunguu vyao vinatoka ng'ambo, hivyo uwekwe mlango. Saa tisa ikawa mlango una shida, askari wastaafu wamepiga simu, uwekwe komeo. Saa kumi na moja, Fundi akinawa mikono, akaambiwa komeo lisiwe kubwa sana, lisije likawakera watu wa vitunguu.

"Binti yangu," Fundi alisema, "niambie kitu kimoja. Huu ukuta unamkataza mtu au unamkaribisha?"

Katibu alitazama simu ya kwanza, halafu ya pili. "Sijapata bado maelekezo hayo," akajibu, na kwa mara ya kwanza Fundi alimwonea huruma.

Ijumaa asubuhi alitengeneza uso wa ukuta, ule unaotazama uwanja. Aliupiga plasta, akaulainisha mpaka ukawa kama karatasi, akaupaka chokaa. Mchana akafunga mlango wa mbao na komeo lake. Hiyo kazi ameifanya mara nyingi mno kiasi kwamba akili yake haikuwa na haja ya kuwepo. Ilikuwa kwenye mfuko wa shati, pamoja na fomu, ikijaribu kupanga maneno. Mheshimiwa, nina jambo dogo. Hapana. Mheshimiwa, nina jambo. Mikono ikafunga komeo peke yake, kama ilivyozoea.

Mheshimiwa alifika muda huo huo, akifuatwa na Katibu, mpiga picha na wapambe watatu. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti nzuri, na ubaya wake mmoja ni kwamba alikuwa mwema. Ungetaka kumchukia ungeshindwa. Alimpa Fundi mkono bila kujali saruji, akaupapasa ukuta kama anayenunua ng'ombe.

"Kazi safi," akasema. "Hapo umenifikishia ujumbe."

"Ujumbe gani, Mheshimiwa? Samahani lakini. Tunafunga au tunafungua?"

Wapambe walitazamana. Mheshimiwa akavua kofia, akajipepea.

"Tunadhibiti."

"Kudhibiti ndiyo kufunga?"

"Si kufunga. Ni kutofungua ovyo."

"Kwa hiyo ni kufungua."

"Ni kufungua bila kuacha wazi," alisema Mheshimiwa, akawa kama mtu aliyejisikia akiongea. Alisogea karibu na kushusha sauti. "Nikuambie ukweli, Fundi. Sokoni wananiambia nikifunga mpaka watoto wao hawatakula. Kwa askari wastaafu wananiambia nisipofunga watoto wao hawatalala. Wote wananishika mkono, wote wana machozi. Nikiwa na hawa naona wana haki. Nikiwa na wale naona wana haki. Nikirudi nyumbani mke wangu ananiuliza na wewe unaonaje, nabaki namtazama."

Fundi hakutegemea jibu la namna hiyo. Alikuwa amejiandaa kukutana na mtu anayejua. Akaugusa mfuko wa shati.

"Na wale walioingia zamani, Mheshimiwa? Waliokaa hapa miaka na miaka?"

"Hao hawana neno. Hao ni watu wetu. Sisi tunasema wale wengine."

"Wengine wepi?"

Mheshimiwa alinyoosha mkono kupita ubavu wa ukuta kuelekea barabara ya lami. Fundi akatazama. Palikuwa na mtu anasukuma baiskeli yenye pancha, na mbuzi wawili.

Alipogeuka ili aseme lile neno lake, mpiga picha alikuwa ameshamshika Mheshimiwa bega na kumsimamisha mbele ya mlango. Picha sita, mkono wa kwaheri, gari. Pembeni haikupatikana. Fundi alibaki na fomu yake, anajiambia kesho, baada ya mkutano, watu wakishatawanyika.

Jumamosi uwanja ulijaa mapema. Watu wa sokoni walikaa kushoto na aproni zao, askari wastaafu kulia na migongo yao iliyonyooka, na katikati wakakaa wale wa mtaani ambao hawakuwa na upande ila walitaka kusikia. Mama Sare alikaa mstari wa tatu chini ya mwavuli, katikati ya majirani. Fundi alisimama karibu na jukwaa, shati la pasi, fomu mfukoni.

Mheshimiwa alizungumza vizuri sana. Alisema mpaka ni kama ngozi ya mtu, na kulia wakapiga makofi. Alisema ngozi nayo ina vitundu vya kupitisha jasho, na kushoto wakapiga makofi. Fundi alijaribu kufuata ngozi na jasho lakini akapotea. Aliwatazama waliomzunguka aone kama wao wameelewa. Kila mmoja alikuwa anamtazama mwenzake.

Kisha Mheshimiwa akafika pale alipokuwa anapaendea.

"Wananiuliza, utafunga au utafungua? Nami nasema, swali si hilo. Swali ni nani mwenye komeo. Nawaambieni, komeo ni letu. Tukitaka tunafunga. Tukitaka tunafungua. Nitazameni."

Aligeuka, akaufuata mlango kwa mwendo wa taratibu, kipaza sauti mkono mmoja, mkono mwingine ukiwa umenyooshwa mbele kushika komeo. Mkono ukagusa mbao. Ukapapasa juu, ukapapasa chini, ukapapasa pembeni kwenye chokaa, ukarudi mweupe.

"Komeo liko wapi?" akauliza. Alikuwa anajiuliza mwenyewe, lakini kipaza sauti hakikujua hilo.

Katikati ya watu akasimama fundi mwingine, aliyeitwa Pembe kwa sababu katika nyumba zote alizojenga hakuna pembe hata moja iliyokutana vizuri na mwenzake. Alikuwa ameingoja siku kama hii maisha yake yote.

"Liko nyuma, Mheshimiwa. Nguzo nazo ziko nyuma. Ukuta wowote wa kiwanja, uso unatazama wapita njia, mgongo na komeo viko kwa mwenye nyumba. Nenda kaangalie hata kwako." Akanyoosha kidole kwenye barabara ya lami. "Kwa huu, wenye nyumba ni wale wa ng'ambo. Sisi sote hapa, na wewe mwenyewe, tumefungiwa nje."

Watu walicheka. Halafu wakaacha kucheka, wakaanza kuhesabu: uso huu, mgongo ule, komeo kule. Mzee mmoja wa upande wa kulia alisimama, akageuka kutazama mji wake nyuma yake, akakaa tena. Mheshimiwa aliusukuma mlango, ukafunguka kwa kule, maana komeo halikuwa limetiwa, akachungulia. Nguzo zilikuwepo. Komeo lilikuwepo, jipya, linang'aa, si kubwa sana.

"Fundi," akaita. "Njoo uwaeleze watu."

Fundi alipanda jukwaani. Alipewa kipaza sauti, akakishika kwa mikono miwili.

"Ni mazoea ya kazi," akasema, na sauti yake ikamrudia kutoka ukutani kwa duka la mikate. "Sikukusudia. Mkono umezoea hivyo."

"Ametumwa huyo," mtu alisema kulia.

"Amelishwa na watu wa ng'ambo," akadakia mwingine, na huyu alitoka kushoto, jambo ambalo lilimchanganya Fundi zaidi, maana hao wa kushoto ndio waliotaka mlango.

Manung'uniko yakapanda. Mheshimiwa aliuona mkutano wake ukimponyoka, lakini hata hapo hakukasirika. Aliweka mkono begani kwa Fundi kama anayemtoa mtu kwenye matope. "Waambie tu, Fundi. Wewe uko upande gani?"

Hilo ndilo swali ambalo Fundi alikuwa akilikimbia tangu Jumatano. Alijaribu kulijibu kwa haki. Alitazama uso wa ukuta, akatazama mlango, akatazama watu. Jasho lilimshuka mpaka kiunoni. Akili ilimwambia nyamaza, mdomo ukamwambia sema lolote, na mkono, ule ule uliofunga komeo, ukaingia mfukoni.

"Mimi sina upande, Mheshimiwa," akasema. "Mimi nilijenga kwa sababu ya karatasi hii. Mwisho wake Jumatatu. Ni ya mke wangu."

Vipaza sauti vikayachukua maneno hayo vikayapeleka mpaka barabarani. Fundi alimtafuta mkewe kwenye mstari wa tatu. Mama Sare alikuwa anatikisa kichwa, kidogo tu, kama anavyomfanyia mteja aliyekata nguo yake vibaya na kuja kumwomba aiunge. Alikuwa amechelewa. Mheshimiwa alishaifungua fomu na, kwa kuwa ni mtu aliyezoea kusoma kwa sauti, akasoma kwa sauti. Jina. Kazi, mshonaji. Mahali alipozaliwa.

"Mama Sare?" mwanamke mmoja alisema. "Mama Sare wetu huyu?"

Shingo zikageuka. Wale waliokaa naye chini ya mwavuli mmoja walisogea kidogo, si kwa ubaya, ni ili wamwone vizuri.

Fundi aliona uso wa Mheshimiwa ukibadilika. Ulikuwa uso wa mtu ambaye wiki nzima ametafuta funguo nyumba nzima, kumbe ziko mkononi.

"Ndugu zangu," alisema taratibu, "mliniuliza msimamo wangu. Msimamo wangu ni mama huyu. Amekuja kwetu kwa heshima. Ametushonea watoto wetu. Hatumsemi huyu, tunawasema wale wengine. Mgeni wa namna hii, mimi namfungulia kwa mkono wangu mwenyewe."

Akaiegemeza fomu kwenye chokaa, akaisaini, sahihi kubwa yenye mkia.

Makofi yalivuma kama mvua kwenye mabati. Kushoto walipiga kwa sababu amesema kufungua. Kulia walipiga kwa sababu amesema mgeni. Katibu alikuwa anaandika kwenye simu zote mbili kwa pamoja. Hata Pembe alipiga makofi, ingawa baadaye alidai alikuwa anaua mbu.

Fundi alishuka na fomu mkononi. Yamekwisha. Miguu ilikuwa myepesi, alitamani kumbeba mkewe mbele ya watu. Ila Mama Sare aliukunja mwavuli, akaanza kwenda nyumbani bila kumngoja, ikabidi amfuate kwa mwendo wa haraka.

"Amesaini, mama," alisema alipomfikia. "Imekwisha."

"Nimeona."

"Sasa mbona umenuna? Nilikosea, najua. Ulisema pembeni. Lakini si amesaini?"

"Amesaini," alisema Mama Sare.

Jirani yao, yule wanayechangia naye ukuta, aliwafuata mbio. Ni mwanamke ambaye kwa miaka kumi na tisa amekuwa akiazima sufuria kwa Mama Sare na kuingia jikoni kwake bila hata kukohoa. Leo alimshika mikono yote miwili, macho yamelowa.

"Karibu, mama," akasema. "Karibu sana. Jisikie uko nyumbani."

"Ahsante," alijibu Mama Sare.

Mwenye duka la mikate alitoka nje kuwangoja. Naye akamkaribisha, akampa mkate mmoja mkononi. Kisha akamwuliza kama huko kwao kuna mikate ya aina hii, na alimwuliza polepole, neno moja moja, kwa sauti ya juu kidogo, kama mtu anayemsaidia mwenzake kuelewa. Suruali aliyovaa mtoto wake, aliyekuwa anacheza pale mlangoni, ilikuwa na pindo la Mama Sare. Mama Sare akasema ndiyo, nadhani ipo, sikumbuki.

Wengine wawili wakamkaribisha kabla hawajafika. Wote walikuwa wema. Fundi aliwatazama mmoja mmoja akitafuta mbaya, apate kumkasirikia, hakumpata.

Nyumbani alitangulia yeye. Akafungua mlango, akafungua dirisha, akaiweka fomu juu ya cherehani mahali ambapo mkewe ataiona, akapuliza vumbi la chokaa lililobaki kwenye sahihi. Alipogeuka, Mama Sare alikuwa bado nje. Amesimama kwenye kizingiti, mwavuli mkono mmoja, mkate mkono mwingine.

"Hodi," alisema.

Fundi akacheka. "Ingia bwana, acha mambo yako."

Hakuingia. Hakuwa anatania, na hakuwa na hasira. Alikuwa anaitazama nyumba yake, kochi, kalenda, rundo la sare nyeupe zilizosubiri vifungo, kama mtu anayetaka kuhakikisha anuani.

"Hodi," akasema mara ya pili.

Fundi alifungua mdomo kujibu. Neno la kujibia hodi ni moja tu, analijua tangu hajaanza kutembea, na lilikuwa ni lile lile ambalo mkewe ameambiwa mara nne njiani. Akaufunga mdomo. Akatafuta neno jingine, akazunguka nalo kichwani kona zote, hakuliona. Asipojibu anamwacha nje. Akijibu anamfanya mgeni. Na mtu hupiga hodi mara tatu. Ya tatu ikikosa wa kuiitikia, hugeuka akaenda zake.

Alimwona mkewe akivuta pumzi.

Fundi hakungoja. Alivuka chumba, akamkuta pale mlangoni, akatoka nje na kusimama kando yake, bega kwa bega, naye akageuka kuitazama nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, uso wake ukiwa kwenye barabara na komeo likiwa kwa ndani.

"Hodi," alisema Fundi.

Wakasimama hapo wote wawili, wakangoja.